Mama Marcelline Subira na Maji ya Bwawa la Matofali

Baba padri, wazee wa mtaa wa Waislamu mliokuja kutupa pole, makarani wenzake baba, majirani, akina mama wa bwawa mliokaa upande huu wa uwanja na ninyi mliokaa upande ule, familia inawashukuru kwa kutulia, na inaomba masikio yenu kidogo, ili isomwe njia aliyopita mama yetu tangu alipozaliwa Wamaza mpaka alipofumba macho hapa Kasongo, bila kuongeza chumvi na bila kupunguza pilipili, kwa sababu yeye mwenyewe hakupenda mtu asifiwe kwa uongo akiwa hawezi tena kukanusha.

Marehemu Mama Marcelline Subira alizaliwa Wamaza, katika eneo la Kabambare, tarehe 14 Machi 1912, kama katekista alivyokadiria baadaye, akiwa mtoto wa pili wa Mzee Lukumani, mkulima wa mpunga na mkamuaji wa mawese, na mkewe Mama Faida. Alizaliwa njiani, mama yake akirudi kutoka shambani na kikapu kichwani, na bibi yake aliyempokea pale kwenye majani akasema kwa Kibangubangu kwamba mtoto huyu nyumba haitamtosha, ndipo wakampa jina la Subira, wakitumaini jina litamfuga. Jina halikumfuga. Alitembea mapema, alipotea sokoni mara nyingi, na alipotumwa maji alirudi na maji, lakini pia na habari za kijiji cha pili.

Mwaka 1922 aliletwa Kasongo kwa baba yake mdogo ili asome kwa Masista wa misheni, akabatizwa Pasaka ya mwaka 1924 kwa jina la Marcelline, akajifunza kusoma, kuhesabu, sala na kushona, na Masista walimsifu wakisema mikono yake ni ya Mungu, ila miguu yake hawajui ni ya nani. Alimaliza masomo mwaka 1928, akapata kazi ya kushona shuka na nguo za watoto wachanga kwa ajili ya maternite, nyumba ya kuzalia ya misheni, kisha akanunua mashini yake mwenyewe na kuiweka barazani, mahali ambapo angeweza kushona huku akitazama njia, maana ukutani, alisema, hakuna mtu anayepita.

Tarehe 5 Julai 1930 alifunga ndoa katika kanisa la misheni na Bwana Fidèle Musafiri, karani wa kampuni ya pamba, mtu mpole, mwenye maneno machache, aliyependa kukaa kama vile mkewe alivyopenda kwenda, na Mungu akawajalia watoto watano, wawili wakatangulia wangali wachanga, na watatu wako mbele yenu leo, yaani Marie-Louise, Régina, na Lukumani aliyepewa jina la babu yake.

Jambo lililogeuza maisha yake lilitokea tarehe 9 Novemba 1947. Mdogo wake wa tumbo moja, Marguerite, alikuwa amekwenda Nyangwe kutafuta samaki wa kukausha, na siku ya kurudi marehemu alishuka mpaka gatini kwenye mto Lualaba kumpokea. Mtumbwi ulikuwa umejaa, ukayumba karibu na ukingo, ukapinduka, watu wakatawanyika majini, na marehemu akamwona mdogo wake, akamsikia akimwita, akaingia mtoni mpaka magotini, kisha akasimama hapo magotini, kwa sababu sisi watu wa bara, watu wa Kabambare, hatukulelewa na mto, na yeye hakujua kuogelea. Hapakuwa mbali. Mtu wa Nyangwe, aliyekulia mtoni, angemfikia. Lakini watu wa Nyangwe waliokuwa gatini siku ile walikuwa wameshika wengine, na Marguerite hakupatikana mpaka siku ya pili, chini kabisa, kwenye matete.

Tangu siku ile marehemu hakukaa tena. Alikuwa akishona, anaacha sindano ndani ya kitambaa, anainuka, anatembea mpaka mahali njia ya mtoni inapoanza, anarudi, anashona kidogo, anainuka tena. Baba yetu alimwambia, "Mama Marie-Louise, kaa kidogo basi," naye akamjibu, "Nikikaa, namuona." Baba hakumwambia tena akae.

Baada ya matanga ya Marguerite alimtafuta Bi Amisa, mjane wa hapa mjini aliyezaliwa Nyangwe na aliyekuwa akiuza samaki sokoni, akamwambia anataka kujifunza maji. Bi Amisa alicheka, akidhani ni mzaha wa mtu mwenye huzuni, maana marehemu alikuwa na miaka thelathini na mitano na watoto wa kuozesha. Alipoona si mzaha, alimpeleka kwenye hori moja la mto lenye maji yaliyotulia, akamshika kidevu, akamlaza chali juu ya maji kama mtoto. "Wacha kupigana nayo, dada," alimwambia, "haya maji hayakugombana na wewe." Marehemu alikunywa maji mengi, alilia, alitapika, alirudi kesho yake. Kabla mwaka 1948 haujaisha aliweza kuvuka hori lile na kurudi, na wale wawili, Mkristo wa Wamaza na Mwislamu wa Nyangwe, wakawa ndugu kuliko ndugu wengi wa damu.

Mwaka 1950, kama wengi wenu mnavyokumbuka, Wazungu wa hapa walikuwa na pisini yao ya kuogelea, ambayo mtu mweusi aliiona akiwa ameshika ufagio tu, na makarani wetu, wakiona uchungu, wakaomba ruhusa kwa Serikali wapewe Bwawa la Matofali, lile shimo kubwa lililoachwa na wafyatuaji, ambalo chemchemi ilikuwa imelijaza. Wakapewa, wakalisafisha, wakajenga ngazi za mawe na kibanda cha kubadilishia nguo, wakaunda Chama cha Waogeleaji, wakamchagua Bwana Faradji, karani wa Serikali, kuwa prezida, na baba yetu kuwa sekreteri. Akina mama maskini waliokuwa wakiloweka mihogo pale wakafukuzwa, na marehemu aliliona jambo hilo, akapita, kama tulivyopita sote. Kisha zikawekwa sheria. Mwanachama awe na karte ya maendeleo, ile Serikali inayompa mtu mweusi iliyemhesabu msomi, au cheti cha kazi ya ofisi, ajue Kifaransa, asiingie na miguu mitupu, na wavuvi wasikubaliwe, ingawa wavuvi ndio peke yao hapa Kasongo waliokuwa wakijua kuogelea tangu zamani.

Mwezi wa pili mwaka 1951 marehemu aliingia katika mkutano wao mkuu bila kualikwa, akasimama nyuma akiwa na mita ya kushonea shingoni, akaomba kuandikwa.

Bwana Faradji alimjibu kwa heshima, "Mama, hapa si fasi ya wanawake. Tumelitafuta bwawa hili tupate kuheshimiwa. Mzungu akija akakuta wanawake majini, atasema nini?"

"Mzungu alipowakatalia pisini yake, alisema nini?" marehemu akauliza.

Karani mmoja akacheka pembeni. Bwana Faradji akasema jambo lile si la mkutano wa leo, na baba yetu, aliyekuwa ameshika kalamu ya sekreteri, akainamisha kichwa akaandika kwamba mkutano umefungwa. Familia haifichi kwamba siku zile nyumbani kwetu palikuwa pagumu. Mama hakumtukana baba, hakumnyima chakula, alizunguka tu. Alifagia uwanja uliokwisha kufagiwa, akahamisha mashini kutoka pembe hii mpaka pembe ile, akatoka, akarudi, mpaka baba, asubuhi moja, akavaa koti lake na kwenda kwa Bwana Faradji, akaweka ufunguo wa kibanda mezani, akamwambia maneno ambayo baba mwenyewe ametuhadithia kwa aibu ya mtu asiyependa kujisifu: "Bwana prezida, mimi niliandika sheria zetu kwa mkono huu. Siwezi kwenda kuoga mahali mama wa watoto wangu amesimama nje ya mlango. Mtafute sekreteri mwingine."

Bwana Faradji hakutaka kumpoteza, maana barua nzuri za chama kwa Serikali zilitoka mkononi mwa baba, basi pakafanyika mashauri, na tarehe 3 Mei 1952 akina mama wakapewa asubuhi ya Alhamisi, wanaume wasikaribie, na hivyo kikazaliwa Chama cha Mama wa Maji, marehemu akiwa prezida na Bi Amisa fundi wa kufundisha.

Mwanzoni walikuwa wanne. Marehemu alishona nguo ya kuogelea kwa kitambaa cheusi kizito, suruali mpaka chini ya goti, kanzu fupi yenye mikono, na kilemba cha kufunga nywele, akaipeleka mwenyewe kwa wazee wa mtaa wa Waislamu, akaitandika juu ya mkeka mbele yao, akasema, "Baba zetu, tazameni, mkiona tundu niambieni." Wazee walitazama, wakaigeuza, wakashauriana, na mmoja akasema nguo hii imesitiri kuliko nyingi anazoziona sokoni. Wiki iliyofuata wakwe na mabinti za watu wakaanza kuja, Waislamu wa mjini, Wakristo wa misheni, wake za makarani, na hata mke wa Bwana Faradji, ambaye mumewe aligundua baada ya mwezi mzima. Bibi mmoja mzee alikaa juu ya njia na mchi wa kutwangia, akiwarudisha wanaume, na hatujasikia mwanaume aliyejadiliana na ule mchi. Wote mliokuwapo mnajua kelele zile za Alhamisi, watu wazima wenye wajukuu wakipiga mayowe kama kuku walionyeshewa, na marehemu katikati yao, maji shingoni, akimwita kila mmoja kwa jina. Hiyo ndiyo miaka aliyotulia kidogo. Mashini yake ilisikika mchana kutwa bila kukatika.

Mwezi wa nane mwaka 1955 alikuja Julienne. Alikuwa ametoka katika kambi ya wenye ukoma, njia ya Kabambare, ambako alikuwa amekaa miaka, na madaktari walimpa dawa mpya, wakampima, wakampa cheti kwamba amepona na hawezi kumwambukiza mtu, akateremka Kasongo kwa sababu kwao hawakumpokea. Vidole viwili vya mkono wa kushoto havikuwapo, na uso ulikuwa na alama. Alifika barazani, akasimama mbali na mashini kama alivyozoeshwa kusimama, akamsalimu marehemu kwa Kibangubangu, akamwita yaya, yaani dada mkubwa, akasema amesikia kuna wanawake wanaofundisha maji, naye viungo vyake vimekaza, daktari amemwambia maji yatamsaidia.

Marehemu alituhadithia mara nyingi kwamba siku ile yeye naye aliogopa. Alimletea Julienne kiti, kisha alipoondoka akakitazama kile kiti, na ilimchukua muda kukirudisha ndani. Lakini Alhamisi alimleta bwawani.

Bi Amisa alikuwa amekwisha kuingia majini. Alipowaona wakishuka ngazi alitoka, na wengine wote wakatoka nyuma yake, wakasimama kwenye mawe wakidondoka maji.

"Dada, huyu iko na ukoma," Bi Amisa alisema.

"Alikuwa nao. Amepona. Cheti hiki hapa, soma."

"Mimi sijui kusoma, wewe wajua. Na maji hayajui kusoma vilevile. Wewe ulikuja kwangu ukiwa na uchungu, nikakuingiza. Lakini hawa wana watoto nyumbani. Wakisikia waume zao, kesho hakuna chama."

"Bwana Faradji alisema vilevile juu yetu."

"Faradji hakuogopa ugonjwa!"

"Aliogopa watu," marehemu akasema, "na wewe waogopa watu."

Julienne alikuwa bado kwenye ngazi. Alisema, "Yaya, wacha, nitarudi," akapanda juu, na yule bibi wa mchi, aliyekuwa hamzuii mwanamke yeyote, akasogea mbali kumpisha.

Pakaitwa mkutano. Mke wa Bwana Faradji alisema Julienne akiingia yeye anatoka, na wengi wakasema hivyo hivyo, wengine kwa kelele, wengine kwa kutazama chini. Marehemu aliomba, alieleza, alikasirika, akawaambia maneno makali ambayo baadaye aliyajutia, na walipoinua mikono, waliokuwa upande wake walihesabika bila taabu. Akavua ufunguo wa kibanda shingoni, akampa Bi Amisa, akaondoka katika chama alichokianzisha.

Toka hapo akarudi kwenye lile hori la kwanza, yeye na Julienne, na wengine wachache waliowafuata mmoja mmoja, wake wa wavuvi, mwanamke mmoja aliyetoka machimbo ya Salamabila, na wale wa mihogo ambao sasa aliwatafuta mwenyewe nyumba kwa nyumba. Hori halikuwa na ngazi wala kibanda, matope yalikuwa mengi, mvua ikinyesha mto uliwafukuza. Julienne alijifunza polepole, akajifunza vizuri. Lakini marehemu hakuridhika, na wale waliomwambia, "Sasa una watu wako, tulia," hawakumjua. Kila mwaka, siku ya mkutano mkuu wa Mama wa Maji, alifunga kilemba chake kizuri, akaenda, akasimama nyuma, akauliza swali lile lile, "Na Julienne?" wakamjibu lile lile, akarudi nyumbani, akazunguka uwanja. Alifanya hivyo mwaka 1956, na 1957, na 1958, mwaka huo wa mwisho akiwa ameshikwa mkono na Régina kwa sababu miguu ilikuwa imeanza kuvimba. Yeye na Bi Amisa walisalimiana sokoni, wakaulizana hali za watoto, lakini hawakukaa tena kwenye mkeka mmoja.

Ugonjwa wa moyo ulijulikana mwezi wa kumi mwaka 1958. Daktari alimwagiza alale, na kulala ndiko kulikomtesa kuliko maumivu, akaomba kitanda kihamishiwe barazani, akatazama njia. Mwaka huu ambao vijana wote wanapita wakizungumza uhuru, aliwasimamisha, akawauliza, "Huo uhuru wenu, mlangoni mwake atasimama nani, na atamrudisha nani?" wakacheka, wakaenda zao, naye akabaki akingoja jibu kwa kweli. Mwezi wa tatu alipelekwa hospitali, akarudishwa nyumbani kwa kuomba kwake, akapokea sakramenti, na Jumamosi tarehe 11 Aprili 1959, alfajiri, akafariki, mkono wake ukiwa katika mkono wa baba.

Alikuwa ameacha neno moja tu la mazishi, akalirudia mbele ya padri ili pasiwe na ubishi, kwamba katika watu watakaouosha mwili wake Julienne awe wa kwanza. Jana wanawake walikusanyika kufanya kazi hiyo, na familia inasema lililotokea, kwa kuwa wengi mlikuwa uwanjani mkaliona. Julienne alipofika na kukunja mikono ya nguo yake, baadhi ya akina mama wa bwawa walitoka nje, mke wa Bwana Faradji akaenda kwake, na leo hayuko hapa. Mlango ulibaki wazi. Ndani walikuwa Julienne na mabinti wawili wa marehemu, na sufuria la maji ya moto lililowashinda kulinyanyua. Bi Amisa alisimama kizingitini muda mrefu, kisha akavua viatu, akaingia, akalinyanyua lile sufuria, akapima joto kwa kiwiko, akamwambia Julienne, "Nyosha mikono, mwanangu, nikumiminie." Maji yakapita mikononi mwa Bi Amisa, yakapita mikononi mwa Julienne, yakamfikia mama. Waliotoka nje, wengine walirudi, wengine hawakurudi. Hatuwahukumu. Bwawa lipo, na Alhamisi itafika.

Familia inatoa shukrani kwa daktari na wauguzi wa hospitali waliomvumilia mgonjwa asiyekubali kulala, kwa Masista waliomfundisha sindano, kwa majirani waliopika na kukesha nasi, kwa wazee wa Kiislamu waliosimamisha shughuli zao, kwa makarani wa kampuni ya pamba waliomshika baba yetu bega, kwa wavuvi walioleta samaki wa msiba, na kwa akina mama wa bwawa na wa hori, wote, ambao tunawaomba mkitoka hapa kwenda makaburini msiende kwa makundi mawili, kwa sababu njia ni nyembamba na jeneza ni moja.

Mama Marcelline Subira, binti wa Lukumani, dada yake Marguerite, umetembea vya kutosha, umeuliza vya kutosha, swali lako umetuachia sisi. Sasa kaa, mama. Pumzika kwa amani.